Kori nyingi si lazima ziwe kasi zaidi

Kwenye maduka ya Darajani, na kwa wahariri wa video za harusi mjini Unguja, nasaha ni ileile: chukua kompyuta yenye kori nyingi (vitengo vya prosesa vinavyofanya hesabu), ndiyo yenye kasi. Si kweli, na kosa lenyewe ni ghali.

Mwaka 2020 kampuni ya AMD ilitoa prosesa ya Threadripper 3990X ya kori 64 kwa dola 3,990, kisha Ryzen 9 5950X ya kori 16 kwa dola 799. Lakini kasi ya kori moja ya ile ndogo hufika gigahezi 4.9, ya ile kubwa 4.3. Mchoraji wa majengo anayetumia AutoCAD, programu ya michoro ambayo kazi zake nyingi hutegemea kori moja, akinunua ile kubwa atapitwa na jirani yake aliyetumia moja ya tano ya fedha.

Hesabu ya jambo hili inatokana na hoja ya mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl ya mwaka 1967. Kazi ikiwa na asilimia 10 isiyoweza kugawanywa kati ya kori, kori 16 huiharakisha takriban mara 6.4, kori 64, mara 8.8 tu. Hata ukiwa nazo milioni, hufiki mara 10. Pilau haliivi upesi kwa kuongeza wapishi.

Blender, programu ya picha za 3D, ni habari nyingine: kutengeneza picha za mwisho kwa prosesa hugawanyika vizuri sana, na hapo kori 64 hujilipa. Ila kumbuka umeme wa wati 280 dhidi ya 105 za ile ndogo, bodi mama ya bei kubwa, na joto la Kaskazi. Kwa video za harusi, mimi ningenunua kwanza kadi ya picha, ramu na diski ya SSD.