Picha ya kiziwi haiishii mabegani

Wateja wangu wengi hapa Bima, Mtwara, wanataka picha ya pasipoti au ya mahafali: kaa wima, tazama lenzi, usitikisike. Nilifundishwa hivyo. Kisha nikaenda Kenya kujitolea katika shule mbili za watoto viziwi, niwapige picha za kumbukumbu.

Siku ya kwanza niliwaonyesha waweke mikono mapajani. Mwalimu wao, naye kiziwi, akaniandikia kwenye simu: "Umewaziba midomo, halafu unataka waseme majina yao?"

Kosa la pili lilikuwa kamera yenyewe. Ukichungulia kwenye kamera umejifunika uso, na kwa anayesikiliza kwa macho hiyo ni kumpa kisogo. Siku hizi kamera inakaa kwenye stendi, mimi nasimama kando na kifyatulio cha waya mkononi, mwanga wa dirisha ukinimulika mimi pia. Nikiweka dirisha mgongoni nageuka kivuli, na kivuli hakina nyusi. Nyusi ni sarufi: katika lugha nyingi za alama, swali la ndiyo au hapana huulizwa kwa kuzipandisha.

Ninachopiga ni jina. Kiziwi huwa na jina la ishara alilopewa na viziwi wenzake, mara nyingi kutokana na kovu, kishimo cha shavu au mazoea yake. Namwomba alitaje. Hapo ndipo ufundi unaponitoa jasho. Tundu la lenzi lililo wazi sana, f/2, tunalolipenda kwa kufifisha ukuta wa nyuma linafifisha pia mkono uliotangulia mbele ya uso, kwa hiyo nalibana hadi f/8. Kasi ya 1/250 ya sekunde inaugandisha mkono vizuri, ila ishara ni mwendo. Ukiigandisha umebaki na silabi moja. Nashuka hadi 1/15, namwomba atulize kichwa tu, mkono uache njia yake hewani. Katika kumi napata mbili za kufaa. Filamu ingenifilisi.

Na lugha za alama hazifanani, ingawa watu hudhani ni moja dunia nzima. Ya Kenya imetajwa katika Katiba yao ya 2010 kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Nilipoileta huku, viziwi wa Mtwara walinirekebisha karibu kila siku, wakicheka.

Juzi alikuja fundi cherehani kiziwi wa Chikongola, na mama yake, kwa ajili ya pasipoti. Tulipomaliza nikamuuliza jina lake la ishara. Akavuta uzi usioonekana, akaukata kwa meno. Nikapiga kwa 1/15.

Mama akaitazama picha. "Baba, hii si imetikisika?"

Fundi aliishika ile ya jina, akaikunja ndani ya daftari lake la vipimo, wakaondoka. Kesho yake ilibidi arudi. Zile za pasipoti alikuwa amezisahau mezani.