Kuacha maji hakutulizi kibofu

Kwenye teksi ya Jinja kuna mama ambaye hajagusa maji tangu asubuhi, asije akamwomba dereva asimame. Imani ni ya miaka mingi: ukibanwa na mkojo kila saa, acha maji; vidonge vikishindwa, ni uzazi au uzee, vumilia.

Si kweli. Mkojo mzito huweza kukichokoza kibofu zaidi. Afadhali upunguze chai na kahawa, hasa jioni.

Vidonge vya kutuliza kibofu kama oksibutinini vikikosa kusaidia, au vikikausha kinywa hadi ukaviacha, daktari apime upya maambukizi na kisukari. (Mkojo unaovuja mfululizo baada ya uchungu wa kujifungua wa muda mrefu huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, hiyo tiba yake kwa kawaida ni upasuaji.)

Kisha kuna botoksi, ile ile ya kuondoa makunyanzi, inayodungwa kwenye ukuta wa kibofu kupitia kamera nyembamba. Nafuu hudumu miezi kadhaa, halafu hurudiwa. Wengine hushindwa kukojoa kwa muda na kuhitaji mpira wa kutolea mkojo. Uambiwe hilo kabla. Au neva inayohusiana na kibofu husisimuliwa kwa umeme hafifu karibu na kifundo cha mguu, dakika 30 kila wiki, kwa wiki 12.