Kijivu cha ndani ya dele si uchafu

Juzi nimeletewa dele, birika la shaba la kahawa, la tatu ndani ya mwezi huu, na hadithi ni ile ile. Kijana kalinunua kwenye vyombo vya marehemu vilivyokuwa vikiuzwa Mkunazini, kalipeleka kwao, kakaa nalo siku mbili kwa stilwaya, ndimu, chumvi na jivu. Kaliweka mbele yangu kifua mbele: "Fundi, hebu tazama, linang'aa ndani na nje. Nataka unikazie mkono tu, umelegea." Nikachungulia ndani. Njano tupu. Nikaomba maji ya kunywa kwanza.

Mwanangu, ulichokikwangua siku mbili si uchafu. Ni kalai.

Nikisema kalai, vijana wanadhani nimekosea kutamka karai la zege. Nikisema bati, wananionesha paa. Bati la paa ni chuma kilichochovywa kwenye zinki, halihusiani na habari hii. Kalai ni bati lenyewe, madini laini yanayoyeyuka kwenye nyuzi 232 tu. Chombo cha shaba cha kupikia hutiwa utando wake kwa ndani, mwembamba kuliko karatasi, ili kahawa isigusane na shaba. Utando mpya huwa mweupe kama fedha. Ukishatumika hufifia, ukawa kijivu, kisha kijivu cheusi. Haujaharibika hapo, umezeeka tu, na kazi yake unaifanya vile vile.

Nje ni habari nyengine. Nje ni shaba, isugue upendavyo. Ila ndimu usiiache ikalala juu ya shaba ya njano. Shaba ya njano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, na tindikali pamoja na chumvi huanza kula zinki. Ndiyo yale mabaka ya waridi ambayo watu wananipigia simu kwa furaha: "Fundi, kumbe chini yake ni shaba nyekundu halisi!" Hakuna cha chini yake, bwana. Ni zinki imekimbia. Hapa kwetu hewa yenyewe ina chumvi ya bahari, hiyo kazi inafanyika hata bila ndimu yako.

Kwa ndani, maji ya moto, sabuni kidogo na kitambaa. Basi. Ukiwa na utando mzito wa kahawa, chemsha maji na kijiko cha magadi ya kupikia, nusu saa, mwaga, suuza. Mdomo wa dele, pale jicho halifiki, pitisha uzi wa katani wenye fundo, uvute huku na huku mpaka utoke safi. Utashangaa kinachotoka. Kuna wanaosema ule utando ndio ladha. Ule ni mafuta ya kahawa yaliyochacha. Nusa kisha uniambie ni ladha gani. Ile soda kali ya kutengenezea sabuni usiitie kabisa, inakula kalai.

Utajuaje kama kalai imeisha? Macho hudanganya. Mie natia matone ya siki yenye chumvi sehemu tatu au nne ndani, naacha yakauke usiku kucha. Asubuhi penye kijani, shaba iko wazi. Vidoa viwili vitatu vidogo havinitishi, ukinywa na kulikausha siku ile ile. Lakini dele la barazani, linalokaa juu ya mkaa tangu alasiri hadi usiku na kahawa ya tangawizi ndani, hilo silikubali na hata kidoa. Shaba ikizidi kwenye kinywaji hukupa kichefuchefu na tumbo la kusokota, na mtu atamlaumu muuza kashata bure.

Sasa lililonifanya niandike leo. Nilipomwambia yule kijana gharama ya kutia kalai upya, kanijibu: "Si bora nilehemu mwenyewe ndani, waya upo wa mafundi redio?"

Hapana. Hapana tena. Waya ule wa kulehemia wa mafundi redio kwa kawaida una risasi, si ya bunduki, ni yale madini yenye sumu, kiasi cha theluthi moja au zaidi. Unayeyuka upesi na unashika vizuri, ndiyo maana unavutia. Shaba ikikudhuru hukutapisha, ukajua. Risasi haikuambii kitu. Inakaa mwilini, inajilimbikiza, na watoto ndio inaowaharibu zaidi, akili zao. Heri unywe kwenye dele la njano tupu ulimwage upesi kuliko hilo.

Na hapa nakiri jambo. Madele ya zamani yanayonifikia yametiwa kalai na mafundi nisiowajua, na siwezi kuapa kwamba kalai yao ni safi. Mche wa kalai safi, yaani kijiti chake kabla hakijayeyushwa, ukiupinda karibu na sikio hulia, kama kitu kinachokatika kwa ndani. Ukiwa na risasi nyingi hunyamaza. Lakini utando uliokwisha kupakwa siwezi kuupinda. Huwa nauchora na karatasi nyeupe, maana risasi nyingi huacha mstari wa kijivu kama penseli. Ikiwa ndogo, haiachi kitu. Kwa hiyo dele nisilolijua asili yake, la kunywea watoto, nalitoa kalai yote na kuanza upya. Wateja wengine wanaona natafuta pesa. Sawa.

Kazi yenyewe haina siri: shaba isafishwe hadi iwe uchi, ipashwe juu ya mkaa, inyunyiziwe ule unga mweupe wa kulehemia (fanya nje, moshi wake unakaba roho), mche wa kalai uguswe, uyeyuke, upanguswe kwa pamba haraka. Joto nalipima kwa pamba: ikianza rangi ya chai, ni sasa. Mara moja moja nachelewa, naanza tena.

Na kumbuka 232. Dele lenye maji halifiki huko. Dele lililosahauliwa likakauka juu ya mkaa linapita hapo mara moja, na asubuhi utakuta kalai imejikusanya chini vitonge vitonge.

Madele ya maduka ya watalii, yale yaliyopakwa vanishi mpaka ndani, tieni maua.

La yule kijana bado liko kwangu, nasubiri mche wa kalai. Jana kanitumia ujumbe anauliza kama bei ni pamoja na kung'arisha nje. Nimemjibu ndimu anayo.