Umebadilisha nenosiri, lakini mvamizi bado anasoma barua pepe zako

Dhana: ukibadilisha nenosiri, mvamizi ameshatoka.

Hapana. Mvamizi anayejua kazi yake hakai akitegemea nenosiri lako. Akiingia mara moja tu, anaweka agizo kwenye mipangilio kwamba kila barua inayofika itumwe pia kwenye anwani yake. Au anatengeneza kichujio: barua yenye neno "ankara" au "malipo" isionekane kwenye kikasha, iende moja kwa moja kwenye tupio. Nenosiri jipya haligusi maagizo hayo. Wenye biashara ndogo huumia hapa, kwa sababu mteja anatumiwa ankara yenye akaunti ya benki iliyobadilishwa, anauliza kwa barua pepe kama ni kweli, na swali lake halimfikii mwenye duka.

Kwa Gmail, ingia kupitia kivinjari cha kompyuta, maana programu ya simu haikuruhusu kukagua vichujio. Bofya alama ya gurudumu lenye meno, fungua mipangilio yote, kisha pitia kurasa tatu: ya vichujio na anwani zilizozuiwa, ya kusambaza barua na POP/IMAP, na ile ya akaunti, ambako mtu mwingine anaweza kuwa amepewa ruhusa ya kusoma kikasha chako. Futa usichokitambua. Hakikisha pia namba na anwani ya kurejesha akaunti ni zako. Kama ameweka zake, atalibadilisha hata hilo nenosiri jipya.

Chini kabisa ya kikasha, kulia, kuna kiungo cha shughuli za karibuni kinachoonyesha saa, aina ya kifaa na anwani ya IP, yaani namba ya muunganisho wa intaneti inayokadiria mahali ulipo. Usishtuke ukiwa Mwanza na ukaonekana uko Dar es Salaam. Data za simu mara nyingi huonyesha mahali mtandao wa kampuni unapotokea. Cha kutia shaka ni kifaa usichokuwa nacho au saa uliyokuwa umelala.

Dhana: laini niliyoiacha haihusiani na barua pepe.

Namba isiyotumika kwa muda mrefu hurudishwa sokoni. Kama bado ndiyo namba yako ya kurejesha akaunti, msimbo utamfikia aliyeinunua. Tapeli anayefanikiwa kuhamishia namba yako kwenye laini yake naye hupokea misimbo ya SMS. Programu ya uthibitishaji ni afadhali: hutoa tarakimu 6 zinazobadilika kila sekunde 30, bila mtandao, na haifuati laini. Hata hivyo, ukurasa bandia unaweza kukuomba tarakimu hizo na kuzitumia papo hapo. Ufunguo wa siri (passkey) unaohifadhiwa kwenye simu na kufunguliwa kwa alama ya kidole haudanganyiki hivyo, kwa kuwa hujibu tovuti halisi tu.

Google hutoa misimbo 10 ya akiba ya kuingilia, kila mmoja wa tarakimu 8 na wa kutumika mara moja. Ichapishe uiweke nyumbani. Wengi huihifadhi ndani ya kikasha kilekile, na siku wakifungiwa nje haiwafai kitu.

Dhana: kufuli kwenye kivinjari ni ushahidi kwamba tovuti ni halali.

Kufuli husema njia imesimbwa, yaani wa pembeni hawezi kusoma kinachopita, basi. Matapeli nao hupata bure cheti cha kidijitali kinacholeta kufuli hilo. Soma anwani mpaka mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, na angalia sehemu ya mwisho kabla yake: google.com.example.net ni ya mwenye example.net, si ya Google.

Dhana: hali fiche ya kivinjari (incognito) inanilinda kwenye kompyuta ya saiba au steshenari.

Historia inafutika, ila faili ulilopakua linabaki, na programu inayorekodi vibonyezo haijali hali fiche. Unapotaka kuchapisha cheti, kitume kwa simu yako kwenda anwani ya duka. Watabaki na cheti hicho kimoja, si kikasha chako kizima.

Dhana: nikihamia Proton, huduma ya barua pepe inayosifika kwa usiri, kila kitu kimefichwa.

Ujumbe kati ya watumiaji wa Proton husimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini kichwa cha barua hakisimbwi hivyo. Ukimwandikia mtu wa Gmail, nakala iliyo upande wake ni barua ya kawaida, isipokuwa umeifunga kwa nenosiri. Na hilo mtajie kwa kumpigia simu, si kwa barua ya pili.