Je, washindi wa Emmy huchaguliwa na watazamaji?

Wengi huamini kwamba tamthilia iliyoshinda tuzo ya Emmy nchini Marekani ndiyo iliyotazamwa zaidi mwaka huo, au iliyopigiwa kura nyingi na mashabiki. Imani hiyo inaeleweka. Hapa Afrika Mashariki tumezoea tuzo zinazotuomba tupige kura kwa simu, hivyo ni rahisi kudhani zote huendeshwa vivyo hivyo.

Emmy zilianza kutolewa Los Angeles mwaka 1949, na wapigakura wake ni wanataaluma wa televisheni wenyewe. Kwa kawaida, waigizaji huteua waigizaji, waongozaji huteua waongozaji, waandishi nao huteua waandishi. Kipengele kikubwa kama cha tamthilia bora hupigiwa kura na wanachama wa fani zote. Idadi ya watazamaji haiingii kwenye hesabu. Ndiyo maana kipindi kinachopendwa na mamilioni kinaweza kutoka mikono mitupu, na kwangu si haki kukimbilia kusema kura zimeibwa.

Hata neno "mwaka" lina maana yake. Kwa Emmy za vipindi vya usiku, msimu huanza 1 Juni na kuisha 31 Mei, kwa hiyo kipindi kilichoanza Julai husubiri sherehe ya mwaka unaofuata.

Kanuni hizi zimewekwa wazi kwenye tovuti rasmi ya tuzo. Ukitumiwa orodha ya washindi kwenye WhatsApp, ilinganishe na ya tovuti hiyo, kipengele kwa kipengele. Angalia hasa neno "mteule": mara nyingi aliyeteuliwa tu husambazwa kama mshindi.