Maji yakishachemka, punguza moto jamani

Nimeulizwa tena wiki hii, na safari hii ni mama mmoja wa Chikongola ambaye mapishi yake nayaheshimu sana, "Mwalimu, sasa nikipunguza moto si maharage yatakesha?" Hayakeshi mama yangu. Nafundisha upishi na napika kwenye shughuli, hili swali nimelijibu darasani, sokoni, msibani, hadi kwenye bajaji, sasa naliandika hapa mara moja ili nikiulizwa tena nitume linki.

Imani yenyewe inasema moto mkali ndo unaivisha haraka. Basi mtu anabandika maharage, anafungulia gesi mpaka mwisho, hafuniki sufuria maana akifunika povu linafurika, maji yanatokota mpaka yanarukia ukutani, yakipungua anaongeza mengine tena ya baridi, yanapoa, anasubiri yachemke upya, afu mtungi ukiisha kabla ya wakati wake anasema gesi ghali. Gesi ni ghali ndio, sibishi, ila sehemu kubwa ya hiyo gesi haijapika kitu.

Maji yakichemka yanakuwa na joto la nyuzi 100. Hapa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi, Kilwa, sote tuko usawa wa bahari kwahiyo ni 100 kwelikweli, walioko juu kule Newala yanachemkia kama 97 au 98 ndo maana maharage ya huko yanasumbua kidogo zaidi. Ukishafika hapo, uongeze moto usiongeze, joto la maji halipandi tena. Halifiki 101 wala 105. Moto wote wa ziada unaenda kuyageuza maji kuwa mvuke basi. Ni sawa na ndoo iliyokwishajaa, ukiliacha bomba wazi ndoo haijai zaidi, maji yanamwagika chini na bili inasoma. Harage lililoko humo ndani linapata nyuzi 100 kwa moto mkubwa na linapata nyuzi hizohizo kwa moto mdogo unaochemsha, kwahiyo linaiva kwa muda uleule.

Hapa ndo huwa nabishiwa, "lakini mwalimu mbona linachemka kwa nguvu?" Hiyo nguvu unayoiona ni mvuke unaondoka. Ngoja niweke hesabu maana bila hesabu hatutaelewana. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 28, ambayo ndo maji ya ndoo ya kwetu huku, mpaka yachemke, inatakiwa nishati ya kilojuli kama 300. Kuikausha hiyohiyo lita moja mpaka yote iwe mvuke inatakiwa kilojuli kama 2,260. Mara saba na nusu! Yaani kuchemsha ni rahisi, kukausha ndo kunakula mtungi. Kwa jiko la kawaida ambalo karibu nusu ya joto linapotelea pembeni ya sufuria, kukausha lita moja ya maji ni kama gramu 100 za gesi, na mtungi mdogo una kilo 6. Sasa piga mwenyewe, ukiongeza maji lita mbili kwenye maharage ya leo jioni maana yake umechoma gramu 200 kulowesha dari la jikoni.

Kwahiyo fanya hivi: bandika, funika, fungulia moto mpaka yachemke, hapo moto mkali unasaidia kweli kwasababu unayafikisha haraka. Yakishachemka rudisha moto chini kabisa mpaka uone vipovu vinapanda taratibu. Mfuniko ubaki juu. Povu halitafurika tena, kilichokuwa kinalifurisha ni huo moto, sio mfuniko, na hili naomba mlishike kwasababu mfuniko umesingiziwa miaka mingi.

Ila kuna kitu vitabu vinakiruka. Vinaandika "moto mdogo" afu basi, mtu akifika nyumbani anaweka moto mdogo kiasi kwamba maji yametulia kabisa, na hapo harage linachelewa kweli, maana kwenye nyuzi 85 au 90 kulainika kunapungua sana. Kwahiyo wale wanaosema "nilipunguza yakachelewa" siwezi kuwaita waongo. Wamepunguza kupita kiasi. Lazima vipovu vipande, vichache lakini visikate. Na majiko mengine ya pleti mbili yamechoka, ukirudisha chini moto unazimika au unabaki upande mmoja, kwa jiko la hivo shauri langu ni kusafisha matundu ya bana, yale yanayotoa moto, kwanza kabla ya kulilaumu jiko lote.

Kwa mkaa ni ngumu zaidi, nakubali. Mkaa ukishakolea umekolea. Unaweza kuziba kidirisha cha jiko, kutoa makaa mawili matatu ukayazima kwa mchanga ukayatumia kesho, au kufunika makaa kwa majivu, lakini akiba yake haitalingana na ya gesi na sitawadanganya kwamba inalingana. Kwa mkaa faida kubwa iko kwenye kupanga mapishi: kinachotaka moto mkali kianze, maharage yafuate moto ukianza kushuka.

Kuna wakati moto mkali ni halali yake. Kukaanga samaki, mafuta yakiwa na joto dogo samaki ananyonya mafuta na kushika chini. Kupunguza mchuzi uwe mzito, hapo unataka huo mvuke uondoke. Na kisamvu. Kisamvu usikifunike mwanzoni tafadhali, majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, kuyatwanga ndo kunaifungua na kuyachemsha wazi ndo kunaiacha iruke na mvuke, kwahiyo hapo usibane gesi, chemsha wazi vizuri kwanza ndo ufikirie karanga au korosho na tui. Tui sasa ni kinyume chake, likishaingia tui zito moto mkali unalikata, mafuta yanajitenga juu, mchuzi unabaki na punjepunje. Mtu anasema nazi ilikuwa mbovu wakati kilichoharibu ni moto.

Kuloweka sikai nalo sana, loweka maharage, kunde kavu na mbaazi kuanzia usiku, mwaga maji yake, pika kwa maji mapya. Chumvi kidogo kwenye maji ya kulowekea inasaidia ganda kulainika, haikazi maharage kama tulivyoambiwa utotoni. Kinachokaza ni uchachu: nyanya, ndimu, ukwaju. Hivo viingie harage likishaiva, ukiunga nyanya mapema utapika mpaka usiku na hapo hata presha kuka haitakuokoa.

Maharage mengine hayaivi hata ufanye yote hayo. Maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa sugu, na sisi pwani joto na unyevu ndo maisha yetu, gunia likikaa ghalani msimu mzima hapa Mtwara sio sawa na likikaa Mbeya. Kuloweka kunasaidia kidogo tu, kwa macho hulitambui harage sugu, na muuzaji hakwambii. Mimi nanunua kidogo kwanza, napima nyumbani, yakiiva narudi kuchukua mengi kwa muuzaji yuleyule kabla gunia halijaisha.

Hapo ndo watu wanaingiza magadi. Magadi yanalainisha kweli, haraka sana, na vitabu vyote nilivyosomea vinayakataza kwasababu yanaharibu vitamini B1 na chakula kinakuwa na ladha ya sabuni yakizidi. Ni kweli. Lakini mama anayenunua mkaa wa kupima kila siku, mwenye maharage sugu, akinyunyiza magadi kidogo sana chakula kikaiva watoto wakala, siwezi kusimama mbele yake nikamwambia amekosea. Namwambia tu yasizidi ncha ya kijiko na asifanye mazoea. Wenzangu wengine hawakubaliani nami hapa.

Presha kuka ni nzuri na ina akili ileile. Ndani yake mvuke umefungiwa kwahiyo maji yanafika karibu nyuzi 120 ndo maana inawahi. Lakini ikishaanza kupiga filimbi watu wanaiacha fulu ipige kelele mtaa mzima! Filimbi ni mvuke unaotoka, joto la ndani halipandi tena. Ikipiga tu rudisha moto chini, iwe inavuta pumzi taratibu.

Afu kuna ile ya "gesi ni yetu, mbona tunauziwa ghali hivi wakati inatoka Madimba?" Ya mtungi haitoki Madimba, kwenye mitambo ya gesi ya hapa Mtwara. Ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982, na ya Songosongo ya 1974, ni gesi asilia, nyingi ni methani, inapita kwenye bomba. Ya mtungi ni propani na butani, inaletwa nchini kwa meli. Zipo nyumba za huku zilizounganishwa na bomba na hao wanapikia gesi ya kwetu, wengine wote tunanunua ya meli, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe kwenye nishati safi ifikapo 2034, kwahiyo tutanunua sana hiyo mitungi. Ndo maana nakazania kupunguza moto.

Na kama nyuzi 100 ndo zinazoivisha, mtu anaweza kuuliza, kwanini nisiyafunge maharage yakiwa yanachemka yakajiivisha yenyewe? Inawezekana. Chukua kikapu kikubwa cha ukili, jaza matambara au blanketi kuukuu chini na pembeni, chemsha maharage yaliyolowekwa kwa dakika 20 yakiwa yamefunikwa, weka sufuria humo na mfuniko wake, funika blanketi juu, nenda kazini kwako. Sufuria iwe imejaa, ikiwa nusu inapoa haraka. Maharage mekundu usiyafupishie huo muda wa kuchemka, yana sumu inayokufa kwa kuchemka kwelikweli dakika 10 na zaidi, joto la uvuguvugu haliiui. Na usiyalaze humo usiku kucha, yakishapoa vijidudu vinazaliana. Ukirudi mchana yarudishe jikoni yachemke tena, ndo uunge.