Kingamwili zinazofanya kazi ya vimeng'enya: mwili hutuza mshiko, si utendaji

Kazi ya kingamwili ni kushika. Hukamata virusi au sumu, huing'ang'ania, na seli nyingine za kinga humalizia. Kimeng'enya nacho hushika, lakini hakiishii hapo: huibadilisha molekuli, huiachia, kisha hugeukia nyingine. Mwaka 1986 maabara mbili za California, ya Richard Lerner kule La Jolla na ya Peter Schultz kule Berkeley, zilionyesha kila moja kivyake kwamba kingamwili inaweza kufanya kazi hiyo ya pili pia. Kwa sisi tunaosoma maumbo ya protini, hapo lilifunguka dirisha la kuitazama mageuzi ikifanyika ndani ya wiki chache.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani. Mwanakemia Linus Pauling alishasema miaka ya 1940 kwamba kimeng'enya hakishiki kwa nguvu zaidi kile kinachoingia wala kile kinachotoka, bali umbo la katikati, lile la mpito. Mwaka 1969 William Jencks akaenda hatua moja mbele: mchome mnyama molekuli imara inayofanana na umbo hilo, na huenda kingamwili atakazotengeneza zikauharakisha mmenyuko.

Chukua kuvunjwa kwa esta, molekuli iliyoungwa kutoka asidi na alkoholi, kwa maji. Kaboni ya esta ina majirani watatu na imelala bapa. Maji yakiishambulia, inapata jirani wa nne, inasimama katika umbo la pembe nne, na oksijeni yake inabeba chaji hasi. Umbo hilo halidumu hata kidogo, kwa hiyo huwezi kulichanja kwa panya. Lakini weka fosforasi mahali pa kaboni, upate fosfonati, na umbo lilelile litakaa kwenye chupa bila kuharibika. Unaifunga kwenye protini kubwa, unamchanja panya, unachukua seli B zake, yaani seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, na kuziunganisha na seli za saratani kwa mbinu ya Köhler na Milstein ya mwaka 1975, kisha unaanza kusaka. Esta ikiwa imebeba nitrofenoli, kemikali inayotoa rangi ya manjano ikiachiwa, huhitaji mashine ya gharama kujua kama umepata: kazi ikifanyika, maji kwenye kijaribio yanageuka manjano.

Kingamwili ninayoirudia kila ninapofundisha inaitwa 48G7. Ilitokana na fosfonati ya aina hiyo. Mfuko wake wa kushikia, kama wa kingamwili nyingi, umezungukwa na vitanzi sita, vitatu vya mnyororo mzito na vitatu vya mnyororo mwepesi. Toleo lake la kwanza liliundwa kwa kuunganisha vipande vya jeni za kurithi. Baadaye, ndani ya tezi za limfu, jeni hizo zilibadilishwa kwa kasi inayokaribia mara milioni moja ya ile ya kawaida, na seli zilizoshika vizuri zaidi ndizo zilizosalia. Mwishoni asidi amino 9, yaani vijenzi vya protini, zilikuwa zimebadilika, na nguvu ya kuishika fosfonati imepanda mara 30,000.

Ungetarajia mabadiliko hayo yawe ndani ya mfuko, yakiigusa molekuli. Kundi la Schultz na Raymond Stevens lilipochapisha maumbo yake mwaka 1997, hakuna hata moja kati ya yale 9 lililoigusa. Mengine yako umbali wa kama nanometa 1.5. Maumbo haya yanapatikana bure kwenye Protein Data Bank, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya protini, nami nakusihi uyafungue. Weka faili la 2RCS, yaani toleo la kurithi likiwa tupu, juu ya 1AJ7, toleo hilohilo likiwa limeshika fosfonati: vitanzi vimehama, mfuko umejipanga upya baada ya mgeni kufika. Toleo lililokomaa, lenye yale mabadiliko 9, halihangaiki hivyo, kwani mfuko wake uko tayari kabla ya mgeni. Fundi seremala anayetaka mlango ufunge barabara hurekebisha fremu na bawaba, kitasa hakigusi. Ndivyo mabadiliko yale yalivyofanya kazi, yakiikaza nguzo ya mbali ili vitanzi vitulie.

Hapa 48G7 ilinufaika pande zote mbili, mshiko na kasi. Ila usiichukue kuwa kanuni.

Tazama AZ-28, kingamwili nyingine, inayoharakisha mpangilio mpya wa oksi-Cope, mmenyuko ambao molekuli inabidi ijikunje yenyewe kama pete ya atomi sita. Toleo lake lililokomaa linauharakisha mara 5,300. Toleo la kurithi, lisilopitia uchujo wowote? Mara 163,000. Katika kukomaa, mshiko ulipanda karibu mara 40 na kasi ikaporomoka. Toleo la kurithi lina ulegevu unaoiacha molekuli ijipange vizuri, huku lililokomaa limeibana katika mkao usiofaa kwa mmenyuko.

Sioni ajabu yoyote hapo. Seli B huishi au hufa kwa kipimo kimoja tu, jinsi inavyoishika antijeni, yaani kile kitu kigeni kilichochanjwa. Hakuna anayeiuliza imevunja esta ngapi. Tena kilichoshikwa si umbo la mpito lenyewe bali mfano wake, na mfano wowote una kasoro. Ndiyo maana kingamwili nyingi za namna hii huishia kwenye kasi ya mara elfu hadi milioni, wakati vimeng'enya vya asili huenda mbali sana kuliko hapo.

Dawa ya tatizo hilo, kwa maoni yangu, ni kubadilisha kinachotuzwa. Mwaka 1995 Lerner na Carlos Barbas walichanja panya kwa molekuli inayofungamana kikemia na lisini, aina ya asidi amino, iliyo ndani ya mfuko, kwa hiyo aliyeshika ni yule aliyefanya kemia. Wakapata 38C2 na 33F12, zinazofanya kazi ya aldolasi, kimeng'enya kinachounga au kuvunja viungo vya kaboni kwa kaboni, kwa lisini moja iliyozama mahali pasipopenda maji, katika nafasi ya 93 ya mnyororo mzito. Baadaye ikapatikana 93F3, inayofanya kemia hiyohiyo, ila lisini yake iko kwenye mnyororo mwepesi, nafasi ya 89.